Krimu ya kunyolea yenye harufu ya sandali: geuza boksi kwanza

Watu wa Tanga na manukato hatuachani. Nyumba ifukizwe udi, bibi harusi asingwe liwa, kanzu ya Ijumaa itiwe marashi. Ndiyo maana mwanamume akiingia dukani kutafuta krimu ya kunyolea, cha kwanza ni kufungua kifuniko na kunusa. Sandali naipenda kuliko harufu nyingine zote. Ina utamu mkavu, haimkeri aliyekaa karibu yako, na joto letu la Machi haliigeuzi kuwa kali. Ila ngozi yangu haikawii kuota vipele, hasa shingoni, na kuhangaika nayo kumenifundisha kusoma mgongo wa boksi kabla ya kunusa chochote.

Msije mkadhani mnaponunua krimu ya sandali mnanunua mti. Mara nyingi orodha ya viambato ina neno moja tu, Parfum au Fragrance, na ndani ya neno hilo mtengenezaji anaweza kuweka vinukio kadhaa bila kuvitaja kimoja kimoja. Kama mafuta halisi yamo, tafuta jina la mti: Santalum Album, sandali ya India, au Santalum Spicatum, ile ya Australia. Mafuta hayo ni ghali kwa sababu yanatoka kwenye moyo wa mti na mizizi, na mti wenyewe unakaa miaka mingi kabla ya kuwa na moyo wa kukamuliwa. Tyubu kubwa ya bei ya chini haiwezi kuwa imejaa mafuta hayo, hesabu haikubali.

Nasema wazi kwamba harufu ya maabara hainisumbui. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umeng'olewa mizizi na yote kwa ajili ya mafuta hadi mwaka 2013 ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na miti ya Tanzania imo humo. Mti uking'olewa na mizizi hauchipui tena. Kati ya mafuta ambayo sijui yametoka porini gani na kinukio kilichotengenezwa kiwandani, nachagua cha kiwandani na dhamiri yangu inatulia. Na kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe mpole kwa ngozi. Mafuta halisi ya sandali nayo huwawasha baadhi ya watu.

Kwa hiyo tazama kinachofuata baada ya neno Parfum. Umoja wa Ulaya unataka vinukio vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa majina vikizidi kiwango fulani. Zamani vilikuwa 26, na kanuni ya 2023 imeifikisha orodha kwenye zaidi ya 80, ingawa bidhaa zimepewa muda wa kujirekebisha. Ndiyo maana mkiani mwa boksi kuna Linalool, Limonene, Coumarin, Geraniol, Citronellol. Majina hayo si ya kumtisha kila mtu. Aliyewahi kuwashwa na manukato ndiye anayepaswa kuyaandika kwenye simu yake na kuyalinganisha. Liko moja ambalo kwangu halina mjadala, Butylphenyl Methylpropional, ambalo lilipigwa marufuku katika vipodozi vya Ulaya kuanzia 1 Machi 2022 kwa kuhofiwa kudhuru uzazi. Ukilikuta kwenye boksi la krimu ya Ulaya, ujue ni mzigo wa zamani uliolala stoo. Rudisha.

Kwenye vihifadhi ndiko ninakokaa muda mrefu, kwa kuwa hapo watu wanaogopa kitu kimoja na kuacha kingine. Parabeni zimepata jina baya kuliko zote. Ulaya ilizifuta baadhi yake mwaka 2014, zikiwamo isopropyl na isobutyl, na nyingine ikaziwekea kikomo. Methylparaben bado inaruhusiwa, na kwenye kitu unachokiosha baada ya dakika chache hainikoseshi usingizi. Ninachokikwepa mimi ni Methylisothiazolinone. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kizio, yaani kileta mzio, cha mwaka 2013, na Ulaya imekiondoa kabisa kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini. Kwenye vya kuosha kimeachiwa kiasi kidogo sana. Lakini wembe unakwangua ngozi, na ngozi iliyokwanguliwa inapokea zaidi. Nikiliona jina hilo, naweka chini.

Wengine husema basi tununue isiyo na kihifadhi hata kimoja. Kwa krimu ya kopo, hapa kwetu, sishauri. Kopo liko bafuni, unyevu wa pwani umejaa, kila asubuhi vidole vyenye maji vinaingia humo. Bila kihifadhi utakuwa unafuga vijidudu na kujipaka usoni. Asiyetaka vihifadhi vingi achukue sabuni ngumu ya kunyolea na brashi. Ina maji machache, haiharibiki upesi, na inamaliza miezi. Tyubu nayo ni safi kuliko kopo.

Potassium Hydroxide inawatisha wengi kwa sababu wamesikia ni kemikali ya kuunguza. Ni kweli inaunguza ikiwa peke yake, lakini kiwandani inakutana na asidi ya mafuta, ile Stearic Acid iliyo mwanzoni mwa orodha, na vinageuka sabuni. Sabuni hiyo ndiyo povu zito linalolaza ndevu. Cetyl Alcohol nayo si pombe ya kulewesha, ni mafuta mazito ya kulainisha. Ya kukausha ngozi ni Alcohol Denat, na hiyo utaikuta zaidi kwenye losheni za baada ya kunyoa.

Kuna jambo naulizwa sana na ndugu zangu Waislamu, na wana haki kuuliza. Sodium Tallowate au Potassium Tallowate ni sabuni ya shahamu ya mnyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo, na boksi halisemi alichinjwa vipi. Lardate ni ya nguruwe. Stearic Acid na glisirini zinaweza kutoka kwa mnyama au kwa mawese na nazi, na jina pekee halikuonyeshi. Anayetaka uhakika atafute alama ya halali au maandishi kwamba haina kitu cha mnyama. Akikosa, amwandikie mtengenezaji. Wengi hujibu.

Majuzi niliingia duka moja la vipodozi Ngamiani. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akaniwekea tyubu ya sandali mezani.

"Hii ya asili kabisa, kaka. Haina kemikali."

"Umesoma nyuma, mdogo wangu?"

"Nyuma pana stika ya bei."

Kweli, stika ilikuwa imebandikwa juu ya orodha yote ya viambato. Tukaibandua polepole kwa ukucha, herufi moja moja ikajitokeza: maji, asidi, glisirini, kisha Methylisothiazolinone waziwazi katikati. Nilimshukuru na kumwomba stika nyingine azibandike mbele. Alikubali, na akaanza pale pale kuzihamisha. Nyote mnaouza vipodozi, tafadhali fanyeni hivyo. Mteja ana haki ya kusoma. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, badala ya iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo boksi lisilo na viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho lisiingie nyumbani kwako, hata linukie vipi.

Ukishainunua, usiipeleke usoni siku hiyo hiyo. Paka kidogo kwenye kikunjo cha kiwiko, iache muda ule ule unaotumia kunyoa, osha. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mzio wa ngozi hauji papo hapo. Mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, na ndipo watu wanapolaumu chakula au jua.

Wala usiitwike krimu mzigo usio wake. Ndevu zetu za kipilipili zikikatwa karibu sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na vipele vya shingoni vingi vinatoka hapo. Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa. Fuata zinakoelekea, usivute ngozi, na wembe wa kisu kimoja unafaa kuliko wa visu vitano. Mimi nikienda kwa kinyozi hubeba krimu na brashi yangu. "Mjomba, leo tunatumia hii," namwambia, naye hanuni. Akimaliza ananipitishia shabu na maji baridi, basi.

Kwa mwenye ngozi inayowaka kila anaponyoa, ushauri wangu ni krimu isiyo na harufu kabisa, na sandali uitie kwenye kanzu. Na ikiwa wekundu au vipele havijaisha wiki mbili baada ya kuacha krimu, nenda hospitali ya Bombo ukaulizie daktari wa ngozi, na uende na boksi lenyewe au picha ya orodha yake ya viambato, ili asianze kubahatisha.