Majina tisa, watoto sita

Kwa miaka mingi picha moja ya ukoo wetu ndiyo ilikuwa ushahidi wangu. Bibi amekaa katikati, mgongo umenyooka, watoto sita wamemzunguka, nguo safi, macho yote kwenye kamera. Kila nilipotaka kuzilalamikia siku hizi niliitoa. Tazameni, nilikuwa nasema, mama mmoja, watoto sita, wote wazima na wana adabu zao. Nilisema hivyo siku moja mbele ya ndugu tuliokuwa tumekusanyika, na wengi wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi yangu, ambaye kwenye picha ile ni yule msichana mkubwa aliyeweka mkono begani mwa mama yake, alinyamaza. Alisubiri watu watawanyike, kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu igeuze."

Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia, mwandiko wa bibi. Majina tisa.

Watatu walikufa kabla ya siku ya picha. Wawili waliondoka na surua, wiki moja, mmoja Jumanne na mwenzake Ijumaa. Wa tatu hakumaliza mwezi wake wa kwanza. Bibi aliwaandika wote kwa sababu kwake yeye watoto walikuwa tisa. Kamera ilihesabu sita kwa kuwa kamera huwaona waliopo tu, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika hesabu ya kamera nikaiacha ya mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kabla ya chanjo ya surua kupatikana mwaka 1963 na kuenea, ugonjwa huo ulikuwa unaua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka, wengi wao watoto. Nilikuwa nimewahi kuisoma takwimu hiyo. Haikunigusa mpaka nilipoona majina mawili yameandikwa jirani, kwa penseli ileile.

Tangu hapo nimeanza kusikiliza namna tunavyoongea kuhusu zamani, na kuna kitu kinanisumbua. Mtu akileta utamu, tunamjibu: ya kale ni dhahabu. Mtu akileta uchungu, tunamnyamazisha: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali zote mbili ni zetu na zote zina busara yake, lakini tukizitumia kwa zamu hiyo kila siku, mwishowe historia inabaki na upande mmoja tu. Ninakuomba ujichunguze wiki hii: ile ya pili umemwambia nani mara ya mwisho, na alikuwa anataka kusema nini?

Ajabu ni kwamba neno lenyewe ambalo lugha nyingi hulitumia kwa hali hii ya kutamani ya zamani lilizaliwa likiwa jina la ndwele. Mwaka 1688, huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akapata "nostalgia". Alikuwa akieleza watu waliodhoofika kwa kuwa mbali na kwao, na dawa aliyoiamini ilikuwa kuwarudisha. Mgonjwa wa Hofer alitamani mahali, na mahali pana njia ya kurudia. Sisi tunatamani wakati.

Na wakati huo haukuwa mmoja kwa wote waliouishi. Chukua Uswisi hiyohiyo. Mzee wa huko anayekumbuka mwaka 1960 kama mwaka wa utulivu hadanganyi, huenda kwake ulikuwa hivyo kweli. Dada yake mwaka huohuo hakuwa na haki ya kupiga kura ya taifa, maana wanawake waliipata mwaka 1971. Kama waliishi jimbo la Appenzell Innerrhoden, basi kwa kura za jimbo dada huyo alingoja hadi mwaka 1990, na hata hapo ilibidi mahakama kuu ya nchi iamue. Ndugu wawili, nyumba moja, na ukimhoji mmoja tu utaandika historia ya nusu ya nyumba.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia zamani ilikuwa nzuri, simuulizi kama ni kweli. Namuuliza nani alikuwa anaamka wa kwanza. Namuuliza mtoto akiumwa usiku walifanyaje, nani aliacha masomo ili mwenzake asome, na nani alikuwa haruhusiwi kukaa walipokaa wengine. Maswali madogo kama haya hufungua milango ambayo swali kubwa huifunga. Pia natafuta kilichoandikwa siku yenyewe: barua, daftari, stakabadhi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiapa kwamba mwaka wangu wa mwisho wa shule ulikuwa wa furaha tupu, hadi nilipolipata daftari langu la mwaka ule. Ukurasa baada ya ukurasa ni upweke, na siku moja nimeandika tu, "Leo hakuna aliyenisemesha." Nilikuwa nimeisahau kabisa siku hiyo.

Lakini nina kosa la kukuonya, kwa sababu nililifanya na lilimuumiza mtu. Baada ya ile picha niligeuka mwendesha mashtaka. Mjomba alikuwa anasimulia jioni zao za kusikiliza redio, wamekaa kimya wote, sauti moja inajaza chumba. Nikamkatiza, nikamtajia vifo vya watoto, nikamwambia zama zake zilikuwa za mateso. Aliniangalia, akasema, "Sawa, mwanangu." Kwa miezi kadhaa hakunisimulia tena chochote. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakuwa anatetea zama zozote. Kaka yake ndiye aliyekuwa akikaa karibu na ile redio, na kaka huyo hayupo. Nilikuwa nimejibu hoja ambayo hakuitoa, na kilio alichokuwa nacho sikukisikia. Nilikwenda kumwomba radhi. Nakusihi, mtu akitamani waliomlea, mwache atamani, hata umshike mkono. Ubishi uuweke kwa anayetaka wengine warudishwe walikokuwa wameonewa.

Na huyo yupo kila zama. Mwaka 2023 wanasaikolojia Adam Mastroianni na Daniel Gilbert walichapisha utafiti uliokusanya kura za maoni tangu mwaka 1949, kutoka nchi zisizopungua 60. Kila kizazi kilisema maadili yanaporomoka. Ila watu walipoulizwa kuhusu wale wanaoishi nao sasa hivi, kama wana wema, kama wanasaidiana, majibu yalikuwa karibu yaleyale mwaka hadi mwaka.

Mwezi uliopita niliichapisha upya ile picha, mbele na nyuma, nikawagawia ndugu. Shangazi aliitazama mbele kidogo tu, akaigeuza. Akasoma majina kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mwandiko wa mama yake. Kwenye jina la saba alisimama.

"Huyu," akasema, "alikuwa halali mpaka nimbebe mimi."