Taa ya banda la kuku: haya ningependa kuambiwa nilipoanza

Wewe unayeanza kufuga kuku wa mayai hapa Mombasa, mawaidha mengi utakayosoma yanatoka nchi za baridi. Huko London, Desemba, jua huonekana kwa takriban saa 8 tu, na kuku wasiowashiwa taa hupunguza kutaga au huacha kabisa. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Iwe kaskazi au kusi, mchana wetu ni takriban saa 12.

Basi taa ya nini? Kuku wa kisasa hutaga vyema zaidi akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Mwanga hupenya fuvu hadi ubongoni na kuamsha homoni zinazokomaza viini. Kwa saa 12 atataga, ila si kwa uwezo wake wote.

Usiwe na pupa. Kundi langu la kwanza niliwawashia taa wakiwa na wiki 15, nikitamani mayai ya haraka. Yalikuja madogo, na kuku wawili nyama ya ndani ikawatokeza nje wakitaga, wenzao wakaidonoa hadi wakafa. Iliniuma sana. Siku hizi nangoja wiki 18, na mwili uwe umejaa, kisha naongeza nusu saa kila wiki.

Ongeza alfajiri, si jioni. Taa ikizimika ghafla usiku, kuku hubaki chini gizani, hawaioni fito ya kulalia. Mimi huwasha saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, na jua la magharibi linawalaza lenyewe. Balbu moja ndogo ya mwanga wa manjano yatosha banda la futi 10 kwa 10: ukiweza kusoma gazeti penye vihori, usiongeze. Ipanguse vumbi kila wiki.

Ukishaanza, usirudi nyuma. Kuku anayetaga akipunguziwa mwanga anadhani msimu umekwisha, ananyonyoka manyoya. Stima ilipopotea hapa kwetu, saa ya kuwashia taa ilijirudisha sufuri, nami sikuikagua kwa siku tisa. Trei zilipungua kwa zaidi ya mwezi. Nunua saa yenye betri ndani.

Na chakula kiwepo taa inapowaka. Kila ganda lina takriban gramu 2 za madini ya kalisi, na sehemu kubwa hutengenezwa usiku, kwa hiyo jioni wawekee kombe za baharini zilizopondwa.

Faida ninayoithamini kuliko zote utaiona Januari hadi Machi, joto la kaskazi likikolea. Adhuhuri kuku hutweta, mabawa wazi, chakula hawakitazami. Alfajiri kuna ubaridi. Zile saa mbili za taa ndizo wanazokula kwa hamu, na maji ya mtungini bado ni baridi.