Kukua kwa Sylvia kusome kwenye kunyamaza kwake, sio kwenye mti peke yake

Mkuu mleta mada, umeuliza kwenye hadithi ya "A White Heron" ya Sarah Orne Jewett ule mti na yule ndege vina maana gani, na mtoto anakua wapi wakati mwisho wa hadithi ni kama kabaki vilevile. Hii nimeifundisha miaka kadhaa na naipenda kwelikweli, acha nitiririke kidogo.

Kwa ambao hawajaisoma: ni ya 1886, mambo yanatokea mashambani Marekani, upande wa Maine alikozaliwa mwandishi. Sylvia ana miaka tisa, katolewa mji wa viwanda kaletwa kwa bibi yake, kazi yake jioni ni kurudisha ng'ombe. Anatokea kijana na bunduki, mkusanyaji wa ndege, anawaua anawakausha anawahifadhi, na sasa anamtaka korongo mweupe, anatoa dola 10 kwa atakayemwonyesha kiota, na kwa bibi na mjukuu wasio na kitu hizo ni hela nyingi mno. Sylvia anatoka usiku kimyakimya, anapanda msonobari mrefu kuliko miti yote, anaona korongo anapoishi, anarudi, hasemi.

Manoti mengi yatakwambia mti ni maarifa, ndege ni uhuru, bunduki ni uharibifu, kwisha habari. Sio uongo ila ukiishia hapo hadithi umeiua. Wanafunzi wangu walikuwa wanakuja wamekariri hivyohivyo, nikiwauliza sasa kwa nini alianza na mwaloni hakuna anayejibu. Angalia vizuri pale: matawi ya msonobari yanaanzia juu mno, kwa hiyo anapanda kwanza mwaloni uliopo pembeni, huo ameshaupanda mara nyingi anaujua, halafu kule juu bado giza inabidi avuke kutoka tawi la huu kwenda tawi la ule. Yuko peku, vijiti vikavu vinamkwaruza, utomvu unamganda vidole vinakuwa vizito. Mti anaoujua unamfikisha mahali fulani tu, baada ya hapo lazima auachie, na hakuna mtu mzima wa kumshika mkono. Kwangu hiyo ndo picha ya kukua iliyo wazi kuliko zote kwenye hadithi nzima. Na ule msonobari ndo wa mwisho wa rika lake, wenzake walishakatwa na waliowakata nao wameshakufa, kwa hiyo mtoto anapokelewa na mzee, mwandishi anafika mpaka kusema mti wenyewe ulimsaidia. Kule kileleni anaona bahari kwa mara ya kwanza maishani, na mwewe aliozoea kuwatazama kwa kuinua shingo sasa anawaona wako chini kabisa.

Lakini kupanda sio mwisho. Rudi ile jioni ya kwanza, kijana anamuuliza jina, mtoto kainamisha kichwa, jina linatoka kwa shida, na kesho yake wakizunguka msituni anaogopa hata sauti yake mwenyewe. Kimya kile ni cha woga. Halafu njoo asubuhi baada ya mti, gauni limechanika lina utomvu, bibi na kijana wote wamesimama mlangoni wanamhoji, bibi anafoka, na anachokijua yeye hakuna mwingine anayekijua. Ananyamaza tena, ila safari hii ni uamuzi. Mtoto yuleyule, kimya kilekile kwa macho ya nje, ndani ni mtu mwingine.

Na uamuzi wenyewe una gharama, hili watu wanaliruka. Yule kijana sio mtu mbaya, ni mpole, alimpa kisu kidogo na Sylvia akakifurahia sana, na mwandishi anasema waziwazi kwamba moyo wa kike ulikuwa umeanza kushtuka ndani ya mtoto. Kwa hiyo kulikuwa na njia nyingine ya kukua imewekwa mezani, ya kumfuata mwanaume na hela yake, na akiikataa anapoteza vyote viwili. Darasani kila mwaka anatokea mmoja anasema mimi ningesema, bibi apumue, na simbishii, maana ukisoma ukurasa wa mwisho huyo mtoto anaumia kweli.

Kuhusu ndege, ujue pia enzi zenyewe zilivyokuwa. Manyoya meupe ya ndege wa jamii hiyo, ndugu za hawa yangeyange wetu wanaofuata ng'ombe, yalikuwa fasheni ya kofia za wanawake, wakawa wanauawa kwa wingi hasa msimu wa kutaga. Mwaka 1896 ndo Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston wakaanza kuwashawishi wanawake wenzao waache kuzivaa. Msomaji wa wakati ule akisikia korongo mweupe na bunduki alikuwa anajua kinachofuata.

Kwenye esei yako usihukumu kwamba Sylvia alipatia au alikosea. Mwandishi anauliza kama ndege walikuwa marafiki wazuri kuliko ambavyo mwindaji angekuwa, na hajibu. Mwalimu akitaka ushahidi mpe hivyo vimya viwili.