Mifupa inacheza kanisani, ni ya nini?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi nafanya usafi kwa ofisi moja hapa Westlands, juzi walikuwa wanatupa kalenda za zamani nikaona picha ya ukuta wa kanisa, mifupa ya watu imeshikana mikono na mfalme na papa wanaenda kama wanacheza, na chini imeandikwa Beram 1474. Tulizika mama mwezi wa nne pale Lang'ata na hiyo picha imekataa kutoka kichwani. Waliochora walikuwa wanataka kusema nini, ama ni mambo ya giza? – Msomaji, Kangemi

JIBU: Pole sana kwa mama, dadangu. Hapana, si mambo ya giza. Hilo ni kanisa dogo la Mtakatifu Maria, liko nje kidogo ya kijiji cha Beram huko Istria, nchi ya Kroatia, na ni kanisa la makaburini, kwa hivyo wengi waliokuwa wanaingia mle walikuja na majonzi kama yako.

Kuta zote zimejaa picha za Maria na Yesu, alizichora fundi anaitwa Vincent wa Kastav pamoja na wasaidizi wake. Sasa hao wa mifupa wako ukuta wa mlangoni, juu ya mlango, yaani ukishamaliza kuomba ukigeuka utoke ndio unakutana nao. Kuna papa, kadinali, askofu, mfalme na malkia, mwenye baa na kipipa chake, mtoto mdogo, ombaomba mlemavu, askari amevaa vyuma, na mfanyabiashara. Kila mtu na mifupa yake pembeni, na hiyo mifupa ni kifo, kinachukua kila mtu bila kuchagua. Huyo mfanyabiashara ndiye mimi humwangalia sana, manake anaonyesha pesa zake ziko mezani kama mtu anayeomba tuelewane, na haisaidii. Wewe uliyekaa kwa kamati ya matanga mkitafuta za mochari na za kaburi unajua vile pesa inaweza kuchosha mtu, lakini pale ukutani tajiri na ombaomba wako laini moja, na nadhani maskini wa Beram alikuwa anaona hivyo anapumua kidogo.

Watu wa Ulaya walikuwa wamezika sana. Tauni ya 1347 hadi 1351 iliua karibu theluthi moja ya watu au hata zaidi, na ikaendelea kurudi rudi. Ngoma kama hiyo ilikuwa imeshachorwa Paris mwaka wa 1424 na 1425, pia kwa ukuta wa makaburi.

Baadaye za Beram zilipakwa lipu juu, watu wakazisahau kabisa, zikafunuliwa tena 1913, na kuna sehemu ziliharibika walipotoboa madirisha makubwa, jambo linaloniuma.

Kama hiyo kalenda bado iko, omba wakupatie. Muangalie huyo mtoto, wamemweka kwa msafara ule ule wa wafalme.