Kuhusu although, because na unless: chagua kwanza habari kuu

Mkuu, umesema chuo umemaliza, sarufi unaijua, lakini bosi anakurudishia barua pepe zako kila mara akidai hazieleweki. Ukaweka na mfano: "The container arrived on Monday. The documents were not complete. We lodged the declaration on Thursday. The customer is complaining." Waliotangulia kukujibu wamekupa orodha za viunganishi ukariri. Orodha ziko sawa, ila kwa maoni yangu hazigusi ugonjwa wako. Katika sentensi hizo nne hakuna kosa la sarufi hata moja. Kinachokosekana ni msomaji kuambiwa ipi ndiyo habari na ipi ni maelezo tu ya hiyo habari. Zote umezipanga mstari mmoja, zina uzito sawa, halafu kazi ya kuunganisha umemwachia yeye.

Mimi niko kwenye uwakala wa forodha hapa Dar, na barua za vijana wa ofisini hupita kwangu kabla ya kwenda kwa mteja. Wateja wenyewe wako Lusaka, Dubai, Guangzhou, na wengi Kiingereza walikipata shuleni kama sisi. Sentensi isiponyooka hawana muda wa kukisia ulichotaka kusema, wanapiga simu wakiwa wamekasirika.

Chukua sentensi zako mbili za mwanzo. Andika hivi: "Although the container arrived on Monday, the documents were not complete." Hapo mteja anaelewa kwamba tatizo ni karatasi. Sasa geuza: "Although the documents were not complete, the container arrived on Monday." Ghafla unajisifu kwamba mzigo umefika, na upungufu wa nyaraka umekuwa jambo dogo la kupita. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni kishazi, yaani kipande cha sentensi chenye kitenzi chake, kilichobeba although, kwa sababu chenye kiunganishi ndicho kinachorudi nyuma, na kisicho nacho ndicho kinachosimama mbele ya msomaji.

Kwa hiyo kabla hujafikiria neno gani utumie, jiulize: simu ikiwa na salio la sentensi moja tu, ningemwambia mteja nini? Hicho kiache kiwe kishazi huru, yaani kisicho na kiunganishi. Vingine vyote vivishe viunganishi, au uvitupe kabisa. Kwa mfano wako mimi ningeandika: "Although the container arrived on Monday, we could not lodge the declaration until Thursday because the documents were not complete." Na ile ya nne, kwamba mteja analalamika, ifute. Anajua kwamba analalamika. Vishazi tegemezi, yaani vyenye viunganishi, viwili kwa sentensi vinatosha. Ukiona unaongeza cha tatu, weka nukta uanze upya.

Sasa tuje kwenye mitego inayotupata sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kiswahili kinaficha kazi kubwa ya viunganishi ndani ya kitenzi chenyewe, kwenye -po-, -ki- na -nge-. Kiingereza kinaitoa nje kama neno linalojitegemea, na kitenzi kinachofuata kina masharti yake.

Tunasema "meli itakapofika tutakujulisha", wakati ujao pande zote mbili. Ndipo mtu anaandika "When the ship will arrive, we will inform you." Kiingereza kinataka will upande mmoja tu, kwenye kishazi huru: "When the ship arrives, we will inform you." Ni hivyohivyo kwa as soon as, until, before, after na if, mradi unazungumzia jambo lijalo. Na -nge- inafanya mchezo uleule. "Ningejua ningekuja" ina -nge- mara mbili, tunaihamisha nzimanzima, inakuwa "If I would have known, I would have come." Ile would ya kwanza ondoa: "If I had known, I would have come."

Mwingine ambao sijaona ukitajwa sana ni wa kabla. Sisi tunasema "kabla meli haijafika", kwa kukanusha, na kwetu ni sahihi kabisa. Kwenye barua inageuka "before the ship has not arrived", na Mwingereza anabaki anakodoa macho. Kwake before haikanushi: "before the ship arrives".

Kuhusu ingawa: "ingawa ushuru ulilipwa, lakini mzigo haukutoka" ni Kiswahili cha kila siku. "Although the duty was paid, but the cargo was not released" hakipiti. Although au but, moja iende nyumbani. Vivyo hivyo because ikishafungua sentensi, usiweke so katikati.

Unless ndiyo hatari zaidi, naomba uisome hii polepole. Neno lenyewe limeshabeba ukanushi. Mtu anataka kusema "usipolipa leo, gharama za storeji zitaanza kesho", anaandika "Unless you do not pay today, storage charges will start tomorrow." Msomaji makini akiichambua hiyo atapata kinyume: usipolipa umesalimika, ukilipa leo ndipo unaanza kutozwa! Sahihi ni "Unless you pay today, storage charges will start tomorrow." Vijana wangu nawaambia, barua yoyote yenye pesa au tarehe ya mwisho, achaneni na unless, andikeni "If you do not pay today". Haina urembo lakini hakuna atakayeielewa vibaya.

Kisha kuna -ki- yetu. "Maafisa wakikagua kontena tutahitaji mtu wenu awepo." Hiyo inaweza kuwa na maana kwamba ukaguzi ni lazima, au kwamba huenda ukatokea, na sisi hatujali, muktadha unatosha. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "When the officers inspect the container" inamwambia mteja kwamba ukaguzi upo, ajiandae na gharama. "If the officers inspect the container" inamwambia kwamba huenda usiwepo. Nimeshaona mteja akipandwa na presha kwa when iliyowekwa pale palipotakiwa if. Hapa sarufi haiwezi kukusaidia, ni wewe kujua ukweli wa mzigo wako kabla hujaandika.

Since na while nazo zina sura mbili. "Since we changed the shipping line, the charges have increased." Je, ni tangu tulipobadili, au kwa sababu tulibadili? Anayesoma hawezi kujua, na kwenye ugomvi wa ankara tofauti hiyo ni kubwa. Ukitaka sababu andika because, since iachie muda. While pia, ukiitumia kulinganisha mambo mawili, tafuta whereas, ili while ibaki kwa mambo yanayotokea pamoja.

Na because yenyewe, ambayo wote mnaiona rahisi, ina shimo lake ikikaa nyuma ya kitenzi cha kukanusha. "We did not release the cargo because the customer complained." Hatukuuachia mzigo, na sababu ni malalamiko? Au tuliuachia, ila sababu haikuwa malalamiko yake? Zote mbili zinasomeka humo. Dawa ni kukileta mbele kishazi cha sababu: "Because the customer complained, we did not release the cargo." Utata umekwisha.

Mkato si wa kukuumiza kichwa. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato kabla ya kishazi huru. Kikija nyuma, kwa kawaida hauhitajiki, isipokuwa kwa although na whereas. Despite na because of si viunganishi, zinafuatwa na nomino: "despite the delay", siyo "despite the ship delayed".

Umeuliza pia kama kweli ni mwiko kuanza sentensi na Because, maana mwalimu wako wa sekondari alikukataza. Si mwiko. Walimu wanawakataza wanafunzi kwa sababu mtoto akianza na Because huweka nukta kabla hajamaliza. Mwambie mtu yeyote "kwa sababu skana ilikuwa mbovu" kisha unyamaze, atakuuliza "sasa?" Kama jibu la hiyo "sasa?" limo kwenye sentensi ileile, uko salama: "Because the scanner was not working, the container was opened and checked by hand."

Ile barua yako ya pili ndipo ilipokosea: "The truck is still outside the gate. Because the shipping line has not issued the delivery order." Nusu ya pili inaning'inia. Hiyo usiiandike upya. Futa nukta ya katikati, herufi ya B iwe ndogo, usiweke mkato, uitume.