Dainamo ya trekta la zamani: anza na waya wa E

Trekta la zamani likianza kuchemsha maji ya betri, watu hukimbilia duka la spea kununua regyuleta, lile boksi linalodhibiti chaji ya dainamo. Subiri kwanza. Angalia ule waya mwembamba wa E (ethi) unaotoka kwenye boksi hilo kushika bodi. Huku Mtwara na Lindi chumvi ya bahari huuanza na vumbi la salfa la mikorosho humalizia: shaba inakuwa nyeusi, ukiikunja inakatika kama uzi.

E ikishika nusunusu, regyuleta inasoma volti pungufu, basi inaiachia dainamo ipandishe. E ikikatika kabisa katauti (swichi ya ndani ya boksi inayounganisha dainamo na betri) haifungi: chaji haiingii, taa ya chaji inazidi kung'aa kadiri unavyokanyaga mafuta, na dainamo inaungua huku betri imelala.

Sasa pima dainamo yenyewe. Fungua waya za D (umeme unaotoka) na F (fildi) kwenye dainamo, unganisha hizo kichwa mbili kwa kipande cha waya, weka mita kati yake na bodi, washa injini sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Ongeza mafuta polepole. Volti zipande bila kuyumba hadi 20, usizidishe. Zikigoma kwenye 1 au chini yake, shaka koili za fildi, zile zilizotulia pembeni. Zikiishia 4 au 5, ni amecha, ile ya katikati inayozunguka.

Dainamo ikiwa nzima, vua kichwa cha betri ndipo ufunge waya kutoka dainamo hadi boksi la regyuleta. D, ile kubwa, kwenda D. F kwenda F. B ya boksi (nyingine zimeandika A) kwenda betri kupitia amita, kipimo cha ampia. Dainamo ya Lucas C40-1 hutoa hadi ampia 22, kwa hiyo D na B zitumie waya wa milimita 4 za mraba. F na E inatosha 1.5. E ipewe waya wake hadi chuma kilichopigwa msasa. Bolti iliyokaa juu ya rangi si ethi hiyo.

Trekta nyingi za zamani za Uingereza chanya ndiyo iko kwenye bodi, hivyo dainamo iliyotoka kwingine ielekezwe upya ifuate hivyo kabla ya kufunga: waya za D na F zikiwa bado nje, gusisha waya wa moto wa betri (ule usioshika bodi) kwenye F ya dainamo sekunde 2 au 3. Cheche ndogo ni kawaida.

Ukishawasha, katauti inalia "tak" karibu na volti 13, na betri iliyojaa isome kama 14. Ukizima injini amita ikilala upande wa kutoa, pointi za katauti zimegandana: vua kichwa cha betri hapohapo, dainamo inapikwa.