Msinunue mota kabla hamjaingia wodini

Dogo wa Tabora usitume hizo hela kesho. Mko kidato cha tano, mna laki sita, mnataka roboti ya kupeleka dawa wodini, unauliza mtumie Arduino au Raspberry Pi, vile vibodi vya kuiendesha, mota muagize wapi na majaji wa mashindano wanapenda nini. Nimesoma roho ikaniuma maana ndo sisi kabisa hapa Kigoma miaka mitatu iliyopita.

Sisi tulinunua kila kitu kabla hatujakanyaga wodini, yaani kila kitu, mota zile za njano, matairi yake ya kipenyo cha sentimita 6.5, sensa za kufuata mstari mweusi. Darasani kwenye sakafu laini ikawa inakata kona safi, tunapiga na picha. Siku tunaipeleka kituo cha afya, mlango wa kwanza tu wa wodi ya wanaume una kizingiti. Sentimita 4. Nusu ya tairi letu ni 3.25 na tairi halipandi ngazi iliyozidi nusu yake, hiyo ni fizikia tuliyofundishwa wenyewe. Ikagonga ikarudi, ikagonga tena, vidonge vya majaribio vikamwagika, mama mmoja anayemuuguza mwanae akainama kutuokotea kimoja kimoja na kukifuta kwa kanga. Na hata ingepita, mstari tungeubandika wapi? Chini kuna mikeka ya ndugu wa wagonjwa, mabeseni, hotpoti, na asubuhi panadekiwa kwa maji na jiki. Laki nne na themanini ziliishia pale mlangoni.

Aliyetupoteza ni mkufunzi wa semina ya siku mbili, alisema majaji wanataka kitu kinachotembea na kuongea, mambo ya hospitali mtasoma mtandaoni. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, yeye kachukua posho kaondoka, sisi hela zile tulichangiwa na wazazi, wengine wanauza dagaa Kibirizi.

Halafu nesi wa zamu akatuambia, wanangu, dawa nazifuata hatua kumi tu, shida yangu ni usiku niko peke yangu, dripu ya mtu inaisha sina habari, nakuja kukuta damu imepanda kwenye mpira. Dakika mbili tu za kumsikiliza! Dripu ya mililita 500 ina uzito wa nusu kilo na kitu, inapungua kadri inavyoshuka, unaining'iniza kwenye sensa ya uzito yenye bodi ya HX711 ya kuipa Arduino kipimo, ikibaki kidogo Arduino inapiga kengele mezani kwa nesi. Hakuna mota wala tairi hapo. Tungeuliza kwanza tungeanza na hiyo, na hela ingebaki.

Mwombeni mganga mfawidhi ruhusa, nendeni na tepu ya kupimia, pimeni vizingiti na upana wa njia kati ya vitanda, kisha mkae na nesi wa usiku mumsikilize, msimweleze roboti yenu. Laki sita abaki nayo mwalimu wenu. Ya majaji uniulize mkishatoka huko.